Maji ya Usiku

Mwanzoni mwa mwaka 2011, baada ya mvua za vuli kuwa haba, nilipelekwa nikiwa kijana mtaalamu wa umwagiliaji kwenye vijiji viwili vya milima ya Upare, wilayani Same, vilivyogombania mfereji mmoja. Kwa makubaliano ya wazee wao, kijiji cha juu kilimwagilia mchana, na ifikapo saa 12 jioni kilifunga banio lake, yaani mlango wa kuchotea maji ya mfereji, ili maji ya usiku yajaze ndiva, bwawa dogo la kuhifadhia maji, ya wenzao wa chini. Sasa ndiva ilikuwa haijai, na watu wa chini walisema waziwazi kwamba wanaibiwa.

Nilikuwa na nakala ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009, inayotanguliza maji ya nyumbani, kisha ya mazingira, na kumtaka mwenye mfereji awe na kibali. Ni sheria nzuri, naiheshimu hadi leo, lakini haikuweza kunionyesha maji yalikopotelea. Nikaomba kila upande unipe mzee mmoja, tukaufuata mfereji usiku kwa tochi.

Banio tulilikuta limefungwa barabara. Tuliacha kipande cha mbao kavu kielee umbali wa meta 10, tukahesabu sekunde na kupima kina na upana wa mfereji, tukapata takriban lita 8 kwa sekunde pale juu. Ndivani zilifika 5. Kwa saa 12, tofauti hiyo inakaribia lita 130,000. Zilikuwa zikizama kwenye kona moja ambako panya walikuwa wametoboa ukingo, na ardhi ya chini yake ilididimia tulipoikanyaga.

Mzee wa chini alinyamaza kwa muda mrefu, kwa kuwa ndiye aliyewatangazia watu wake habari za wizi. Niliona kwamba nikizisoma takwimu zile mkutanoni nitamuumbua, na mzee aliyeumbuliwa harudi kwenye mapatano. Nikamwomba aseme yeye mwenyewe.

Kesho yake alisimama. “Nimekwenda, nimeona kwa macho yangu. Maji yananywewa na ardhi, si na ndugu zetu.”

Mwenzake wa juu hakudai kuombwa radhi. Aliuliza tu msaragambo, kazi ya pamoja ya kuukarabati mfereji, utakuwa siku gani, akaahidi kutoa udongo wa mfinyanzi kutoka shambani kwake.

Wiki iliyofuata nilipima tena ndivani alfajiri, nikapata lita 7.