Nilivyozoea kueleza kazi na mipango yangu kwa Kiingereza, nikiwa Kigoma

Wengi wanaojiandaa na IELTS, mtihani wa Kiingereza unaotakiwa na vyuo vingi vya nje, huogopa kuandika. Mimi nilihofia kuzungumza, hasa maswali mawili ambayo kila mtu aliniambia ni mepesi: unafanya kazi gani, na baadaye unataka kufanya nini. Mimi ni afisa uvuvi hapa Kigoma. Chuo nilichoomba Uingereza kwa shahada ya uzamili kilitaka wastani wa 6.5 kati ya 9, na sehemu yoyote isishuke chini ya 6. Kwenye kuzungumza nilipata 7, na tangu hapo wenzangu ofisini na vijana wa mtaani kwetu Mwanga wananiuliza nilifanyaje. Naandika kwa urefu ili kila anayehitaji ayapate yote mahali pamoja.

Tuanze na mtihani wenyewe. Kuzungumza ni dakika 11 hadi 14, wewe na mtahini mmoja, na yote yanarekodiwa. Dakika 4 au 5 za mwanzo ni maswali kuhusu wewe: kwenu, kazi au masomo, mambo ya kila siku. Kisha unapewa kadi yenye mada, unajiandaa kwa dakika 1 ukiwa na karatasi na penseli, halafu unazungumza peke yako kwa dakika 1 hadi 2. Dakika 4 au 5 za mwisho ni mjadala wa maswali mapana yanayotokana na ile kadi. Vigezo vya alama ni 4 na vina uzito sawa: ufasaha na mtiririko wa maelezo, msamiati, sarufi, na matamshi. Cheo chako hakina alama, na hakuna anayekwenda kuhakiki kama mipango uliyoitaja ni ya kweli. Lafudhi yetu haikukatii alama ilimradi unaeleweka. Hili nalisisitiza kwa sababu nimeona watu wenye Kiingereza kizuri kuliko changu wakitumia wiki nzima nzima kuiga sauti za kwenye runinga, ilhali hawajawahi kueleza kazi yao wenyewe kwa dakika moja mfululizo.

Na hapo ndipo ugumu ulipo kwetu. Tumelelewa tusijisemee. Mtu akikuuliza habari za kazi, unajibu "nzuri, tunamshukuru Mungu". Akiuliza mipango, unasema "Mungu akijalia". Ni adabu nzuri na sitaki tuipoteze. Pale mwaloni Kibirizi, mitumbwi inaposhusha samaki, ukisimama mbele ya wazee ukaanza kujieleza wewe na utakavyokuwa miaka mitano ijayo, watakushangaa. Lakini mtahini hawezi kutoa alama kwa maneno ambayo hukuyasema. Kwa hiyo hata kabla ya kugusa Kiingereza ilibidi nizoee kusema, kwa Kiswahili, mimi nafanya hivi kwa sababu hii, na nataka kufika pale. Niliona ajabu mwanzoni. Nyumbani tunaongea Kiha, mwaloni Kiswahili, na katika lugha zote hizo mbili sikuwahi kuulizwa nijieleze namna hiyo.

Aliyenifungua ni mama. Mama anauza dagaa, elimu yake ni ya darasa la saba, na Kiingereza hakijui. Aliponiuliza naenda kusoma nini tena, nilimjibu kwa kifupi kama kawaida. Hakuridhika.

"Haya, umeshajua kuhesabu samaki wa ziwa zima. Halafu?"

Nikamweleza.

"Na wavuvi wa Katonga watakula nini wakati nyie mnahesabu?"

Nikaeleza tena, nikajikuta nataja mambo ambayo sikuwa nimeyapanga: bei ya taa, vijana wanaohamia kwenye bodaboda, wanawake wanaokopa ili wapate mzigo wa kuanika. Usiku ule nilipofungua mifano ya maswali ya sehemu ya tatu, ule mjadala wa mwisho, niliyokuwa nimepakua, nikaona mama ameshaniuliza mengi ya namna ile. Kwa nini kazi hii. Nani anafaidika. Itakuwaje vijana wakiikimbia. Tangu siku hiyo nikawa namtafuta jioni makusudi, tunachambua dagaa na mimi naeleza. Asipoelewa ananikatisha, na mahali aliponikatisha ndipo jibu langu lilipokuwa halina mfano au halina sababu. Nikishaeleweka kwa mama, naingia chumbani nasema jambo lilelile kwa Kiingereza, kwa sauti, simu ikirekodi. Sikuandika sentensi hata moja. Jibu la kukariri hutambulika upesi, kwa sababu sauti hubadilika na macho hukimbia, na swali likigeuzwa kidogo tu huna pa kushika. Niliandika maneno ya kunikumbusha, basi.

Kusikiliza nilichorekodi kulinisaidia kuliko kitabu chochote. Unajisikia pale unaposita, na mara nyingi husiti kwa sababu hujui Kiingereza. Unasita kwa sababu hujui unataka kusema nini.

Jibu langu la kazi lilianza kunoga nilipoacha kutaja majukumu kama yalivyo kwenye barua ya ajira na kueleza kazi inavyokwenda. Dagaa wetu huvuliwa usiku kwa taa. Mwanga huwavuta, wavu unainuliwa. Mbalamwezi ikiwa kali taa hazina kazi, maana mwanga umetapakaa ziwa zima, kwa hiyo mitumbwi hupumzika ufukweni na wavuvi hushona nyavu. Ina maana mwezi wangu wa kazi unapangwa na mwezi wa angani: giza likiingia niko mwaloni alfajiri napima na kuandika mavuno, mbalamwezi ikirudi niko ofisini na takwimu. Ukimweleza hivyo mgeni yeyote atataka kusikia zaidi, na wewe mwenyewe unazungumza kwa raha kwa sababu unakijua unachokisema. Kwa Kiingereza nilianza hivi: "I'm a fisheries officer on Lake Tanganyika, so my working month follows the moon." Baada ya hapo sentensi zilijileta zenyewe. Mwalimu wa shule ya msingi, muuguzi wa zahanati, fundi cherehani wa pale sokoni, kila mmoja ana jambo la namna hiyo ambalo kwake ni la kawaida na kwa msikilizaji ni jipya. Anza na hilo.

Ukiwa mwanafunzi au bado unatafuta kazi, usihangaike kubuni ajira. Unaweza kusema wazi kwamba umemaliza chuo na sasa unamsaidia shangazi dukani, kisha ueleze unachofanya pale dukani.

Mipango ya baadaye ilinichukua muda zaidi. Tukishatoka kwenye "Mungu akijalia", wengi tunarukia upande wa pili na kutaja kila kitu kama kimeshathibitishwa: nitasoma, nitarudi, nitafungua kampuni. Kiingereza kina njia nyingi za kupima uhakika, na kipengele cha sarufi kinatazama kama unazitumia kwa aina na kwa usahihi. Nikagawa mipango yangu. Yale yaliyokwishapangwa niliyasema kwa "I'm going to". Yaliyotegemea ufadhili niliyaweka kwenye sharti: nikipata ufadhili nitafanya hili, nisipoupata nitaendelea kazini na kuomba tena. Ndoto ya mbali, ya kuona mwaloni wowote wa ziwa letu una mtu anayepima samaki kila siku, nikaiweka kwenye "I'd love to". Kumbe kwa njia hiyo hata unyenyekevu wetu unapata mahali pake. Unasema unachokitarajia bila kujifanya unaimiliki kesho, na jibu linarefuka lenyewe kwa sababu kila sharti linadai maelezo.

Kwa kadi nilijizoeza mada zinazorudi mara kwa mara: kazi ambayo ungependa kuifanya siku za usoni, mpango ulio nao, mtu ambaye kazi yake unaiheshimu. Dakika 1 ni fupi sana kwa kuandika sentensi. Nilikuwa naandika maneno manne tu. Kwa kazi ninayoitaka yalikuwa: kina, joto, maabara, mama. Kina, kwa kuwa Ziwa Tanganyika linashuka hadi mita 1,470 na ni la pili kwa kina duniani baada ya Baikal. Joto, kwa kuwa maji ya juu yakizidi kupata joto hayachanganyiki vizuri na ya chini yaliyo na virutubisho, na chakula cha dagaa hupungua. Maabara, ndiko ninakotaka kufanya kazi. Mama, kwa kuwa dagaa wakipungua yeye ndiye wa kwanza kujua. Ukiwa na maneno manne yaliyofuatana namna hiyo, dakika 2 zinajaa. Mtahini akikukatisha, usishtuke, muda umeisha tu.

Mtihani niliufanyia Dar es Salaam. Nilishuka kwa treni ya Reli ya Kati, zaidi ya kilomita 1,200, na safari ilinipa nafasi ya mwisho ya mazoezi. Tabora aliingia mwalimu mmoja wa sekondari akakaa karibu nami, nikamwomba aniulize chochote kuhusu kazi yangu kwa Kiingereza. Aliuliza mpaka Dodoma. Namshukuru sana, na abiria wa jirani walituvumilia. Kwa anayetoka mbali kama sisi, fika mapema upate kulala vizuri, na uje na pasipoti ileile uliyojiandikisha nayo.

Ndani ya chumba mtahini alikuwa mpole lakini hatoi sura ya kukubali wala kukataa, na ni vizuri ulijue hilo ili usidhani umeharibu. Sehemu ya kwanza anaweza kukurudia swali, ila halifafanui. Kwenye mjadala unaruhusiwa kuomba alieleze kwa namna nyingine. Nilifanya hivyo mara moja, kwa sentensi kamili, na mazungumzo yakaendelea bila shida.

Mjadala wangu ulielekea kwenye kazi zinavyobadilika na nani awajibike watu wanapopoteza kipato. Nilianza na taa: zamani karabai, leo taa za sola na betri, na mafundi wa karabai wamelazimika kujifunza upya. Kisha nikaeleza mwaka 2024, ziwa lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, kwa makubaliano ya nchi 4 zinazolizunguka: Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia. Nilitoa maoni yangu waziwazi. Nilisema kufunga ziwa ni haki kwa watoto wetu, na kwamba mama anayeanika dagaa anapaswa kuingizwa kwenye mpango wa kipato mbadala kama mwenye mtumbwi anavyoingizwa, kwa sababu miezi hiyo 3 yeye pia hana mzigo. Mtahini akauliza nani alipe. Mama alikuwa ameshaniuliza hilo. Nikajibu kwamba serikali zilizokubaliana kufunga zichange, na vikundi vya kina mama viwezeshwe kukopa kabla ya kufungwa badala ya baada. Tulikuwa bado tunajadili riba ya mikopo hiyo aliposema muda umekwisha.

Jambo moja la ratiba kwa mnaoanza sasa. Vyuo huyahesabu matokeo kuwa hai kwa miaka 2 tangu tarehe ya mtihani. Ukifanya mapema mno na ufadhili ukachelewa, utalazimika kulipa na kufanya upya. Tazama kwanza tarehe za kufunga maombi ya chuo na ya ufadhili unaoutaka, kisha urudi nyuma miezi michache, na kwa sisi wa Kigoma ongeza siku za safari na nauli ya kwenda na kurudi kwenye bajeti kabla hujalipia mtihani.