Sawa na nini?

Maneno matatu tu. Bibi wa Shanty Town, hapa Moshi, aliyatamka Jumatatu jioni tukikabidhi kazi ya sakafu yake, kwa sauti ya chini, bila hasira yoyote, na leo Alhamisi bado yananizunguka. Nikipiga msasa nayasikia. Nikimenya ndizi nayasikia.

Mliosoma ya mwezi uliopita mnaijua nyumba yenyewe: ile ya zamani yenye dari refu na varanda, sebule na vyumba viwili vya sakafu ya mninga iliyofunikwa kapeti la plastiki miaka na miaka. Tulipolibandua tulikuta gundi nyeusi na vimisumari kibao, lakini chini ya uchafu huo mbao zilikuwa nzima, nene, hazina bungua hata mmoja. Mninga uliokauka vizuri ni mbao tulivu, hausinyai wala kuvimba ovyo kila msimu ukibadilika, ndiyo maana wazee waliupenda kwa sakafu. Siku mashine ilipopita mara ya kwanza na msasa namba 40, ule wa kukwaruza sana, ikatokea ile kahawia yenye michirizi myekundu, kijana wangu akazima mashine mwenyewe, akavua barakoa (vumbi la mninga linawasha pua vibaya), akapiga magoti kuitazama.

Ila pale dirishani. Dirisha la upande wa mlima lilikuwa linavuja tangu zamani, na masika baada ya masika maji yameingia palepale. Mbao tatu zilikuwa zimeoza, bisibisi inazama kama kwenye parachichi. Hizo hakuna msasa wa kuziokoa. Nilizunguka siku mbili kwa wauza mbao nikitafuta mninga mkavu, nikaishia kuonyeshwa mbichi, nzito, baridi ukiigusa. Ubao mbichi ukiupigilia leo, baada ya miezi michache umesinyaa na nyufa zake unaingiza sarafu. Nikampigia mtoto wa bibi, yule anayelipa, yuko Dar. Akasema, “Weka yoyote inayofanana, dada, ila usimsumbue mama na habari hizo.” Basi nikatoa mtiki wangu mkavu uliokuwa stoo, wa Longuza kule Muheza, nikaulaza mle chumbani wiki mbili uzoee hewa ya nyumba, nikaukaza juu ya papi mpya (zile mbao za chini zinazobeba sakafu), nikaupaka rangi mara mbili kabla ya vanishi mpaka ukakubali. Kwenye hesabu niliandika mtiki. Risiti anayo yule mtoto wake wa Dar.

Sasa mazungumzo yenyewe. Bibi alivua ndala, akatembea peku sebule nzima polepole, anakanyaga kila ubao kama anahesabu. Hakusema kitu. Alipofika dirishani akasimama, akanyoosha mkongojo.

“Na hizi je, mwanangu?”

“Hizo nazo ni sawa tu, bibi.”

“Sawa na nini?”

Hapohapo dada wa kazi akaingia na trei ya chai, kijana wangu akauliza kama tukunje waya wa umeme sasa au baadaye, na bibi akajikalia. Sikujibu. Nilikunywa chai, nikashukuru, nikapanda gari.

“Ni mtiki, bibi, zile za mwanzo zilioza.” Ningesema hivyo, basi. Nimejaribu kuyasema kwa sauti nikiwa peke yangu jikoni. Hata birika halijaanza kuvuma nimeshamaliza. Hakuna aliyeniomba nidanganye, na sidhani kama nilichosema ni uongo, lakini lile neno “sawa” nililitumia kama ule unga wa mbao na gundi tunaozibia matundu ya misumari: ukishaupiga msasa, nani atajua palikuwa na tundu? Na yeye akatia kidole palepale.

Mzee aliyenifundisha kazi Tanga asingefanya hivyo. Tulikuwa tunatengeneza sakafu za nyumba za Raskazone zinazotazama bahari, na kule kazi ina vita yake: hewa ya chumvi inakula misumari, kutu inaacha doa jeusi kwenye ubao, na masika zikifika mbao zinavimba kwa unyevu, kama hukuacha nafasi ukutani zinasukumana mpaka zinanyanyuka katikati ya chumba. Akibadilisha ubao, hata mmoja, mzee alikuwa anamwita mwenye nyumba, anamwonyesha ule mbovu uliotoka na ule mpya unaoingia. Hata awe amechelewa kiasi gani. “Sisi tutaondoka na mashine yetu,” alikuwa akisema, “yeye ndiye atabaki na mbao.” Nilikuwa na miaka 22, nikaona anapoteza muda.

Wiki yenyewe imekuwa ya heri, nisikufuru: mdogo wangu amevishwa pete Jumanne, na ile kazi ya nyumba tatu za Njiro, Arusha, tumeipata, mkataba umesainiwa, baba watoto kawaambia mpaka watu wa kwaya. Nilicheka na kila mtu. Usiku nikalala na maneno matatu.

Jumamosi, naendelea.

Jana nilikwenda. Waya wetu mmoja ulibaki kule kweli, sikutunga. Mwezi wa saba wetu mnaujua, mawingu mpaka mchana, mlima umejificha siku ya nne, na vanishi inakauka kwa kujivuta. Bado harufu yake ilikuwepo mlangoni. Nikamkuta bibi amevuta kiti chake mpaka dirishani, miguu juu ya zile mbao tatu, ungo mapajani, anachambua maharage.

Nikamwamkia, nikakaa chini sakafuni mbele yake na kusema yote kwa mkupuo: zilioza, mninga mkavu sikuupata, huu ni mtiki, rangi nimeupaka mimi. Nikatoa mfukoni kipande cha ule ubao mbovu, nilikiokota kwenye mabaki tuliyopeleka karakana. Akakipokea, akakikuna kwa ukucha wa dole gumba, kikamong’onyoka juu ya maharage. Akaanza kuyapepeta upya, taratibu, huku anatabasamu.

“Nilijua si zenyewe. Hizi hazilii.”

Sikumwelewa. Akanituma nirudi mlangoni nitembee mpaka alipo. Nikavua viatu, nikatembea. Ubao wa pili kutoka mlangoni ukalia, ngwii. Katikati ya sebule, tena, mfupi zaidi. Wiki mbili nzima nimefanya kazi juu ya sakafu ile nimeziba masikio kwa ajili ya mashine, sikuwahi kuisikia. Nikafika dirishani kimya.

“Mtu akiingia namjua kwa mbao,” akasema. “Dada akija na chai anakanyaga ule wa mlangoni. Mwanangu akitoka Dar anauruka, tangu mtoto anauruka. Hapa sasa, mtu akisimama, sijui.”

Mlio wa ubao si siri kwa fundi: msumari umelegea, ubao unapanda na kushuka juu ya papi, unasugua. Nikamwambia naweza kuzilegeza kidogo hizi tatu nazo zilie, dakika kumi tu, bisibisi ninayo kwenye gari. Nilikuwa namaanisha kabisa.

“Acha. Hapa nakaa mimi, na mimi sijinyatii.”

Nilikaa naye mpaka maharage yakaisha. Niliporudi njiani nilikuwa naimba, nadhani hata kijana wa bodaboda aliyenipita pale mzunguko alinisikia. Kwenye mkataba wa Njiro nimeandika “kuondoa milio yote”. Jumatatu nawapigia wenye nyumba niwaulize kwanza ipi wanaitaka.

Tena Jumatatu hiyohiyo nampeleka baba hospitali ya KCMC, atake asitake. Mdogo wangu kanipigia jana usiku kutoka Marangu. Baba anasema macho ni mazima, miwani ndiyo chafu. Lakini asubuhi alimimina chai pembeni ya kikombe, akaendelea kumimina mpaka chupa ikaisha, kisha akanyoosha mkono kutafuta sukari.