Jinsi tulivyozifungulia maktaba za umma na za shule hifadhidata za utafiti bila kubandika nywila ukutani

Kila anayesikia kwamba maktaba zetu za umma na za shule zinatumia hifadhidata za utafiti, yaani hazina za mtandaoni za makala za majarida, kwa usajili mmoja huuliza kwanza fedha zilitoka wapi. Ni swali la haki, lakini fedha hazikuwa sehemu ngumu ya kazi. Tulijumlisha kile ambacho maktaba kubwa chache zilikuwa zikilipa kila moja kivyake, tukawaonyesha wauzaji jumla hiyo, kisha tukaomba kwamba kwa fedha zilezile, pamoja na nyongeza ambayo haikufika robo, maktaba zote ziingizwe, zikiwamo zile ambazo zisingeweza kununua chochote peke yake. Muuzaji hapungukiwi na kitu kwa kuihudumia shule ambayo haijawahi kuwa mteja wake na isingekuwa. Waliolielewa hilo tulitia nao saini, na waliong'ang'ania kuhesabu kila mwanafunzi aliyeandikishwa, awe anasoma makala au hasomi, tuliwashukuru tukaendelea na mengine.

Kilichotutoa jasho ni mlango. Ukishalipa, ni lazima mfumo wa muuzaji umtambue msomaji wako halali na kumzuia asiyehusika, na msomaji huyo ni mtoto wa sekondari mwenye nusu saa ya kukaa kwenye kompyuta, au mzee aliyekuja maktaba ya umma kutafuta habari za ugonjwa wa mifugo wake. Hawa hawatafungua akaunti, hawatasubiri barua pepe ya uthibitisho, wala hawatakumbuka nywila. Tulikuwa na mshauri, ambaye kwa makadirio yangu alilipwa vizuri kuliko mkutubi yeyote kati yetu, na ushauri wake wa kwanza ulikuwa kwamba tuwe na jina moja la kuingilia na nywila moja kwa maktaba zote, tuvichape kwa herufi kubwa na kuvibandika ukutani. Tuliukataa palepale. Nywila ya ukutani hupigwa picha na kusambazwa kwa simu kabla jua halijatua, na mikataba ya leseni kwa kawaida hukataza jambo hilo waziwazi, kwa hiyo muuzaji akigundua ana haki ya kufunga huduma kwa kila mtu.

Njia inayofaa ndani ya jengo la maktaba ni kutambuliwa kwa anwani ya IP, yaani namba inayoutambulisha muunganisho wenu kwenye intaneti. Muuzaji huweka orodha ya anwani zenu, na ombi lolote linalotoka kwenye anwani iliyomo hufunguliwa bila kuulizwa neno. Mshauri alilikubali hilo haraka, akaandika waraka uende kwa kila maktaba na kila shule: fungueni sehemu ya mtandao kwenye kompyuta, nakilini namba mtakayoiona, jazeni fomu, mgonge muhuri. Nilimwambia waraka huo utaleta takataka. Alinijibu kwamba wakutubi wasifundishe mafundi kazi, na waraka ukaondoka.

Fomu zilirudi, nami nakiri kwamba nilizisoma kwa furaha isiyo ya kistaarabu. Zilikuwa nadhifu, zimesainiwa na wakuu wa shule, na karibu zote zilianza na 192.168. Maktaba mbili zilizo mbali kabisa zilileta namba ileile bila kupishana hata tarakimu. Mwalimu mmoja mwenye bidii alituma ukurasa mzima, kompyuta baada ya kompyuta, kuanzia .2 hadi ya mwisho aliyokuwa nayo, na pembeni akaongeza namba ya printa. Sasa anwani hizo zinazoanza na 192.168, pamoja na zinazoanza na 10 na zile za kutoka 172.16 hadi 172.31, zilitengwa kwa matumizi ya ndani tu, kwa kanuni iliyochapishwa mwaka 1996, kwa sababu mfumo wa anwani wa wakati huo, ambao bado tunautumia sana hadi leo, una nafasi ya anwani kama bilioni 4.3 pekee na hazikuweza kutosha kila kifaa duniani. Kila jengo linaruhusiwa kuzitumia, na ndiyo maana kwa mtu wa nje hazina maana yoyote: ni sawa na kumwelekeza mgeni kwenye chumba cha pili kushoto bila kumtajia nyumba wala mtaa. Muuzaji wa kwanza aliyepelekewa orodha hiyo alijibu kwa adabu kwamba hawezi kumsajili mteja kwa anwani hizo. Mshauri naye akaagiza fomu zijazwe upya, safari hii "kwa uangalifu zaidi".

Hapo ndipo niliposhika kazi hiyo mwenyewe, na kwa hili sitajifanya mnyenyekevu. Badala ya kumuuliza mkutubi anwani yake, niliifanya anwani ije yenyewe. Kila tovuti inapotembelewa, seva yake, yaani kompyuta inayoihifadhi, huandika kwenye kumbukumbu zake anwani halisi ambayo ombi limetokea, ile ya nje. Nikatengeneza ukurasa mwepesi wenye viungo vya hifadhidata zetu, na kila maktaba nikaipa kiungo chake chenye jina lake mwishoni. Wakutubi waliombwa jambo moja tu, kuufanya ukurasa huo uwe wa kwanza kufunguka kwenye kivinjari. Asubuhi kompyuta zinapowashwa, ukurasa hufunguka, na mimi huku napata jina la maktaba, saa, na anwani ya kweli, bila fomu, bila muhuri, bila kumsumbua mtu aliyekuwa na foleni ya wanafunzi mbele yake. Shule zilizosahau kuuweka zilijulikana kwa ukimya wao, na hizo tuliwapigia simu.

Faida kubwa ya kumbukumbu hizo ilionekana baada ya kuziacha zijae. Baadhi ya maktaba zilikuwa na anwani moja isiyobadilika. Hizo tulizipeleka kwa wauzaji siku hiyohiyo. Nyingine zilibadilisha anwani kila ruta, kifaa kinachosambaza intaneti jengoni, ilipozimika na kuwaka, kwa sababu kampuni ya intaneti huwapa wateja wa kawaida anwani ya muda tu. Ukiisajili leo, wiki ijayo maktaba imefungiwa nje na anwani yake ya zamani iko kwa mtu mwingine anayesoma kwa gharama yenu. Kundi la tatu ndilo baya zaidi, nalo ni zile zinazochangia anwani moja na mamia ya wateja wengine wa kampuni hiyohiyo, hasa zinazotumia intaneti ya simu. Dalili yake ni rahisi kuiona: ingia kwenye ruta uangalie anwani ya upande wa nje, na ukikuta inaanza na namba kati ya 100.64 na 100.127, fungu lililotengwa mwaka 2012 kwa matumizi hayo, ilhali seva yako inaona anwani nyingine kabisa, basi hiyo si yenu peke yenu. Ukimpelekea muuzaji, umewafungulia mlango watu ambao hujui hata majina yao. Unaweza kuinunua anwani ya kudumu kutoka kwa kampuni ya intaneti, na maktaba zenye uwezo zilifanya hivyo, lakini kwa shule nyingi ada hiyo ya kila mwezi, ingawa si kubwa, haikuwa na fungu la kuitoa.

Kwa makundi hayo mawili, na kwa kila msomaji aliye nyumbani, tuliweka seva ya prokisi. Tulichagua EZproxy, ambayo iliandikwa mwaka 1999 na mkutubi, Chris Zagar, na tangu 2008 imekuwa mali ya OCLC, shirika la ushirika wa maktaba lenye makao Marekani. Niliwakumbusha wenzangu jambo la mkutubi kuifundisha dunia kazi ya mafundi kila nilipopata nafasi. Msomaji anaingia kwenye seva yetu, seva inamhakiki, kisha inamchukulia makala kwa niaba yake, kwa hiyo muuzaji anaiona anwani moja tu, ya seva, na hiyo haibadiliki. Kuiweka ni kazi ya kawaida ambayo fundi yeyote wa seva ataimaliza.

Jambo ambalo hakuna aliyetuonya ni vichujio vya intaneti vya shule. Tuliipa seva jina lenye neno prokisi ndani yake, kama yalivyo majina ya seva nyingi za aina hiyo, na vichujio vya shule vikaiweka pamoja na tovuti ambazo wanafunzi hutumia kukwepa ulinzi. Huduma iliyolipiwa kwa ajili ya shule ikazuiwa shuleni. Tulibadilisha jina likawa la kimaktaba tupu, na tukaandikia kila msimamizi wa mtandao aruhusu kikoa chote, yaani jina kuu la tovuti yetu, pamoja na kila jina linalotangulia mbele yake, maana EZproxy hubadilisha anwani ya kila muuzaji kuwa jina jipya chini ya kikoa chako, ikiweka vistari mahali pa nukta. Ukiruhusu jina moja tu, ukurasa wa kwanza utafunguka na makala hazitafunguka, na lawama zote zitakuja kwako. Kwa sababu hiyohiyo cheti cha usalama cha seva kiwe cha aina inayofunika majina yote ya kikoa. Hapa usibane matumizi.

Kuhusu kuhakiki, tulitumia kilichokuwapo. Wanachama wa maktaba za umma tayari walikuwa na kadi zenye msimbopau. Kwa wanafunzi tuliongeza tarakimu chache za utangulizi zinazoitambulisha shule mbele ya namba ya kuandikishwa, pamoja na tarakimu ya mwisho ya kuhakiki ili iwe vigumu zaidi kubuni namba kwa kubahatisha. Muuzaji mmoja alitaka jina, darasa na barua pepe ya kila mwanafunzi, akidai ni kwa ajili ya kuboresha huduma. Tulimjibu kwamba watoto hawamo kwenye bei. Prokisi haina haja ya kumpelekea muuzaji taarifa hizo, na mwishowe alisaini bila kuzipata.

Pamoja na hayo, weka kikomo cha upakuaji kwa kila msomaji tangu siku ya kwanza. Usiku mmoja mtu fulani aliweka programu ivute makala mfululizo kutoka hifadhidata moja, muuzaji akaifunga anwani ya seva yetu, na asubuhi yake shule zote zilikuwa nje kwa kosa la kadi moja. EZproxy ina sehemu ya kuweka kikomo hicho, nayo humsimamisha mhusika peke yake.

Wapo waliotuambia kwamba tunatupa fedha kwa sababu makala za bure zimejaa mtandaoni. Zipo nyingi na nzuri: DOAJ, orodha ya majarida yanayosomeka bure iliyoanzishwa Chuo Kikuu cha Lund, Sweden, mwaka 2003, hifadhi ya makala ya PubMed Central ya tangu 2000 kwa mambo ya afya, na ERIC ya Marekani kwa elimu. Sisi tuliziweka kwenye ukurasa uleule pamoja na za kulipia, na msomaji hana sababu ya kujua ipi ni ipi. Lakini pia tulizigeuza kuwa silaha. Kabla ya mazungumzo ya bei tuliomba orodha kamili ya majarida yaliyomo kwenye kila kifurushi, tukatia alama yale yanayosomeka bure, tukauliza kwa upole kwa nini tuyalipie. Orodha hiyo ilituletea punguzo kubwa kuliko hotuba zote za mshauri.

Ukurasa wenyewe usipange kwa majina ya kampuni. Hakuna mtoto anayetafuta jina la kampuni. Anatafuta mmomonyoko wa udongo. Panga kwa masomo, weka kisanduku kimoja cha kutafutia juu, basi.

Wakubwa watataka takwimu, na watapenda idadi ya utafutaji kwa sababu ndiyo kubwa. Msiwape hiyo. Neno moja likitafutwa kwenye hifadhidata kadhaa kwa mpigo, linaweza kuhesabiwa katika kila moja. Tuliwataka wauzaji wote watoe ripoti kwa kanuni za COUNTER, utaratibu wa kimataifa wa kuhesabu matumizi ya hifadhidata, toleo la 5 lililoanza kutumika 2019, na ndani yake tukaangalia makala zilizofunguliwa, kila moja ikihesabiwa mara moja kwa kila kikao hata kama msomaji amefungua ukurasa wake na faili lake pia. Ripoti hizo huonyesha pia waliozuiwa, na hutenganisha waliozuiwa kwa kuwa hamna leseni na waliozuiwa kwa kuwa nafasi za kusoma kwa wakati mmoja zimejaa. Kwetu kundi la pili lilikuwa likifurika katika majuma ya kuelekea mitihani tu, kwa hiyo tulijadiliana nafasi za ziada kwa msimu huo na kukataa kulipia mwaka mzima.

Zimebaki shule ambazo intaneti yake ni ya kubahatisha, na hizo sikutaka zihesabiwe kwenye ripoti kama zimehudumiwa wakati hazijahudumiwa. Kwa hizo tuliweka Wikipedia ya nje ya mtandao kwa programu ya Kiwix, na kwa makala za hifadhidata tukategemea kifungu cha leseni kinachoiruhusu maktaba moja kumchapia msomaji wa maktaba nyingine nakala ya makala. Mwalimu hutuma ombi kwa ujumbe wa simu, maktaba ya umma iliyo karibu huchapa, na bahasha huondoka na gari linalopeleka vitabu. Kwenye rasimu za wauzaji wetu wawili kifungu hicho hakikuwamo, na kwa mwingine mmoja kiliruhusu karatasi tu na kukataza faili. Tuliomba kibadilishwe kabla ya saini, wakati muuzaji bado alikuwa akijibu barua siku hiyohiyo.