Mpira wa meza bila meza: nilivyoizoesha miwani ya VR joto la Kisumu

Meza ya mpira wa meza ina urefu wa mita 2.74 na upana wa mita 1.525, na mchezaji anayetaka kurudi nyuma kuupokea mpira mkali anahitaji nafasi nyingine ya kutosha nyuma yake. Sebule yangu hapa Migosi, Kisumu, haiwezi kuipokea meza hiyo hata tukitoa makochi yote nje. Hata hivyo asubuhi nyingi kabla ya kwenda kazini nacheza mpira wa meza humo ndani mpaka jasho linanitiririka, na mpinzani wangu anaweza kuwa Eldoret au Poland. Hiyo ndiyo raha kubwa niliyoipata kwa miwani ya VR, ile inayofunika macho yote na kukuonyesha picha ya kompyuta pande zote kana kwamba uko ndani yake. Lakini miwani hii haikuja tayari kwa nyumba kama yangu. Joto, jua, stima kupotea, vioo vya kabati, taarifa ya habari ya saa moja jioni: kila kimoja kilidai utaratibu wake, na utaratibu huo ndio ninaotaka kuueleza.

Yangu ni Quest 2 ya kampuni ambayo sasa inaitwa Meta, ile iliyotoka Oktoba 2020. Shemeji yangu anayeishi Leeds, Uingereza, ndiye aliyeniletea alipokuja nyumbani Krismasi, nami nikamlipa zamu yangu ya chama ilipofika. Sikuitaka kwa sababu ya mtindo. Shuleni nilicheza mpira wa meza kwa moyo wote, enzi za kucheza hadi pointi 21 na mpira wa milimita 38. Mwaka 2000 mpira uliongezwa ukawa milimita 40, na 2001 pointi zikapunguzwa hadi 11, mabadiliko ambayo niliyasikia tu kwa sababu wakati huo sikuwa tena na meza ya kuchezea. Kisha rafiki yangu tuliyecheza naye shuleni, ambaye sasa yuko Eldoret, akanipigia simu usiku akaniambia amepata miwani ambayo ndani yake kuna meza, wavu na mpira unaokatika vizuri kabisa. Aliposema "unaokatika," nilijua lazima nijaribu.

Na kweli unakatika. Unashika rimoti moja mkononi, unaelekeza kifundo cha mkono ulivyofundishwa, unaukwangua mpira chini, na ukivuka wavu unatua na kukwama badala ya kukimbia. Ukiupiga kwa juu, unajikunja na kuzama mwisho wa meza. Rimoti inatetemeka kidogo mpira unapogusa raketi, na ule mlio wa "ko" unausikia pale pale ulipogonga. Kilichonishangaza zaidi ni miguu. Sikuiamuru, lakini ilianza kujipanga yenyewe, mguu wa kulia nyuma kidogo, magoti yamelegea, kama alivyotusimamisha mwalimu wetu wa michezo. Mwili wangu ulikuwa umeutunza mchezo huu miaka yote hiyo.

Basi tuje kwenye joto. Kisumu iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari lakini ubaridi wa nyanda za juu hatuujui. Mchana hewa inasimama mpaka upepo wa ziwa uanze. Sasa jifunike uso kwa sponji, halafu juu yake uweke kompyuta ndogo inayotoa moto wake yenyewe, halafu uruke huku na huku. Jasho linashuka machoni na lenzi zinaingia ukungu. Nilichoamua kwanza ni saa: nacheza saa kumi na mbili na nusu asubuhi, au usiku baada ya saa tatu. Mchana sijisumbui. Sponji nimeivisha kifuniko cha silikoni, ambacho kinafutika kwa kitambaa chenye maji na kukauka papo hapo. Lenzi nazifuta kwa kile kitambaa laini cha miwani ya macho, kikavu, bila spiriti wala sabuni. Ukungu wenyewe unatokana na uso wenye joto kukutana na lenzi iliyopoa, kwa hiyo naiwasha miwani na kuiacha mezani dakika chache ipate joto kabla sijaivaa.

Dawa ya pili ni feni, na hapa nilipata faida ambayo sikuitarajia. Feni yetu ya kusimama naiweka mbele ya kabati la TV, ikinipulizia kifuani. Upepo ule unaniambia mbele ni wapi hata nisipoona sebule. Chini nimetandika mkeka mdogo. Unyayo ukigusa saruji najua nimetoka katikati. Watengenezaji wanashauri nafasi ya mita 2 kwa 2, na miwani inakuchorea ukuta wa mistari ukikaribia mpaka, lakini mtu anayefukuzia mpira haangalii mistari. Mkeka unamfikia haraka zaidi. Stuli zote zinatoka, na mgeni yeyote namwonya kabla hajavaa: meza utakayoiona haina mbao, usiiegemee. Baada ya mpira mrefu mkono unataka kuegemea, na hapo ndipo watu wanaanguka.

Jua ni adui wa aina nyingine. Dirisha letu la sebule linatazama mashariki. Lenzi za miwani hizi zinakusanya mwanga, kama kile kioo tulichochomea karatasi utotoni, na mwale wa jua ukiingia kupitia lenzi unaiunguza skrini iliyo nyuma yake. Doa linabaki, na hakuna fundi wa simu wa kulifuta. Kwa hiyo pazia linafungwa kwanza, miwani inatoka kwenye mfuko wake baadaye, na ikivuliwa inarudi mfukoni. Sheria hii wanangu wanaijua kuliko jedwali la kuzidisha, na nimefurahi kuwasikia wakimwelekeza mgeni.

Giza nalo lina shida yake. Miwani inajua ilipo kwa kamera nne zilizo mbele yake, ambazo zinaangalia kuta, samani na rimoti na kupima umbali. Jioni za mvua hapa ngurumo zinaanza ziwani, mabati yanapigwa, na mara nyingi stima inapotea. Betri ya miwani inaweza kuwa imejaa lakini kamera hazioni kitu, na mchezo unasimama. Taa ya kuchaji juu ya kabati inatosha kuurudisha. Vioo pia vinazichanganya kamera hizo. Kabati letu la TV lina milango ya vioo pande zote mbili, na rimoti ilikuwa ikipeperuka yenyewe hewani mbele ya macho yangu. Mke wangu ndiye aliyelimaliza jambo hilo: alichukua vitambaa vya makochi alivyovifuma mwenyewe akavitundika juu ya vioo. Sebule ikapendeza, rimoti ikatulia.

Huyo mke wangu ndiye aliyekuwa na lalamiko zito kuliko yote, na alikuwa na haki. Aliniambia, "Baba, uko nyumbani lakini haupo." Mtu aliyevaa miwani hii hasikii vizuri, haoni mtoto akipita, na anacheka na watu wasioonekana. Tulikaa tukapanga. Kwanza, taarifa ya habari ya saa moja haiguswi. Pili, picha ya ndani ya miwani inarushwa kwenye TV, ili wote waone kinachoendelea na wachangie. Sasa watoto wananipigia kelele nikikosa mpira mwepesi. Tatu, hakuna kumgusa aliyevaa kutoka nyuma. Unamwita kwa jina kwanza, anasimama, ndipo unakaribia.

Kisha yeye mwenyewe akaipata raha yake. Mwanzoni mkanda wa kichwani ulimkataa kwa sababu ya rasta alizosuka na kuzifunga juu. Alizishusha zikapita katikati ya mikanda ya nyuma na miwani ikakaa. Kuna programu inayotumia picha za barabara za Google, na mtu anaweza kusimama katikati ya mtaa na kugeuka pande zote. Alifungua mtaa wa dada yake kule Leeds, akampigia simu ya intaneti, akaiweka kwenye spika. Shemeji akawa anamwongoza kutoka upande wa pili: "Geuka kushoto. Endelea. Hapo ndipo nashukia basi. Hilo duka lilifungwa, siku hizi ni kinyozi." Walitembea hivyo mpaka mlangoni kwake. Dada hawa hawajawahi kutembea pamoja katika mji ule, na gharama ya viza na tiketi inajulikana. Siku hiyo sikudai zamu yangu ya kuvaa miwani.

Kwa watoto sikubaliani na wazazi wanaoona hiki ni kichezeo kama vingine. Kampuni yenyewe ilikuwa imeweka umri wa miaka 13, na mwaka 2023 ikashusha hadi 10 kwa akaunti iliyo chini ya mzazi. Wangu wawili wadogo hawajafika huko, kwa hiyo wanaangalia kwenye TV tu. Ugumu uko kwa watoto wa ploti. Wanajipanga mlangoni Jumamosi, "Anko, na mimi," na kumkatalia mtoto wa jirani kitu unachompa mtoto mwingine ni jambo linaloonekana kama uchoyo. Nimewaeleza wazazi wao mmoja mmoja, si watoto, na wenye umri unaofaa wanavaa mzazi akiwepo. Bado kuna wanaonuna. Nalibeba hilo, kwa sababu macho ya mtoto wa mtu si ya kufanyia majaribio.

Kichefuchefu kinastahili neno lake. Jicho likiona unakimbia na sikio la ndani, linalopima mwendo, likasema umesimama, ubongo unapokea habari mbili zinazopingana na tumbo linachafuka. Mpira wa meza hauna taabu hiyo kwa kuwa hatua unazoziona ni zile zile unazopiga. Michezo ya kuendesha gari au kupaa kwa kusukuma kijiti ndiyo inayoangusha wanaume wazima. Ushauri wangu kwa anayeanza ni kuchagua ile ambayo miguu yako ndiyo inakusogeza, na kuivua miwani mara jasho baridi linapogusa shingo. Usijikaze. Anayejikaza anaharibu siku yake nzima, na mwili unakumbuka: kesho yake harufu tu ya sponji inatosha kumrudishia. Chai ya tangawizi inasaidia tumbo kutulia, lakini kupumzika ndiko kunakoponya.

Na uzito. Gramu 503, karibu wote mbele ya uso, shingo inazisikia. Ninafunga powerbank ndogo nyuma ya mkanda, ikavuta upande wa pili na kuwa mizani, na hapo hapo inaongeza chaji, maana betri yenyewe inakaa kama saa mbili hadi tatu. Kila nikilalamikia shingo namkumbuka Ivan Sutherland wa Marekani, mmoja wa waanzilishi wa miwani za aina hii: kifaa alichokitengeneza mwaka 1968 kilikuwa kimeunganishwa na mtambo ulioning'inia kwenye dari. Kutoka dari ile hadi mfuko uliotundikwa nyuma ya mlango wangu ni safari ambayo naiheshimu sana.

Kilichobaki, ambacho sina dawa yake, ni umbali. Katika nyaya za intaneti mwanga unasafiri kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Inaonekana ni kasi ya ajabu, lakini data yangu inashuka kutoka Kisumu hadi Mombasa, inaingia nyaya za chini ya bahari, inazunguka hadi Ulaya, kisha jibu linarudi njia hiyo hiyo. Mpira wa meza hausubiri. Nikicheza na mtu wa mbali, wakati mwingine mpira wake unafika umegeuka mwelekeo njiani, kwa kuwa mashine ilikuwa imekisia angeupiga vipi kabla habari haijafika. Nimejifunza kurudi hatua moja nyuma ya nilivyozoea, nijipe muda wa kuusoma. Kwa mpinzani wa Ulaya hilo linanipa mechi ya kweli. Wa Amerika ya Kusini tunasalimiana, tunacheza polepole, tunaachana kwa heshima.

Na rafiki yangu wa Eldoret tunakutana Jumapili saa moja asubuhi, kabla ya ibada, mimi na feni yangu, yeye na sweta. Tunaongea zaidi ya tunavyocheza: nani amestaafu, nani tumemzika, mtoto wa nani ameingia sekondari. Kisha tunahesabu pointi, na hapo hakuna urafiki. Anaserve mpira mfupi wenye mkato kuelekea kushoto kwangu, ule ule alioniua nao shuleni, na bado unanipita. Wiki hii kila asubuhi nimeiweka mashine inipigie mipira ya upande huo tu, na nimeanza kuirudisha.