Nilivyowatoa minyoo kwenye konokono wa ziwa la barafu huku Norway

Aisee watu wanapenda kushauri mambo wasiyoyajua. Nilipokuja kusoma Tromsø, kaskazini kabisa mwa Norway, nikasema nachunguza minyoo bapa wanaoishi ndani ya konokono, jamaa niliyesoma naye Mwanza akanambia unapoteza muda, hayo ni mambo ya huku kwetu kwenye joto, kichocho na ndugu zake, huko utakuta konokono wasafi. Mwingine wa hukuhuku maabara akasema we waponde wote siku ya kwanza uangalie ndani, yaishe.

Wa kwanza angesoma kidogo tu asingesema hivyo. Kuna ziwa linaitwa Takvatn, kusini ya Tromsø, nyuzi 69 kaskazini, barafu inakaa miezi na miezi. Samaki ni aina tatu tu, na mbili kati yake zililetwa na watu: samaki anayeitwa char mwaka 1930, halafu kasamaki kenye miiba mitatu mgongoni mwaka 1950. Lakini watafiti walipopima vinasaba wakakuta minyoo bapa aina 24, wakatoa matokeo 2017, na 16 kati yake zilionekana ni mpya kabisa. Ziwa lenye samaki wa kuhesabu kwa vidole! Kazi kubwa wanaifanya ndege. Bata na shakwe wanakuja kiangazi, wanakunya majini, mayai yanaanguliwa, mnyoo anamwingia konokono, akitoka hapo anaingia kwa samaki au mdudu, shakwe anamla samaki na safari inaanza upya.

Kuokota konokono sielezi, unageuza mawe ya pembezoni basi. Ila buti nitalisema. Wenzangu walinicheka nilivyovaa mabuti ya mpira mpaka kiunoni na glovu ndefu, wao wameingia na kaptula. Mtoto wa Mwanza siingii maji yenye konokono kizembe. Jioni mmoja wao anajikuna miguu mpaka huruma, ni Trichobilharzia hao, kichocho cha bata, wanatoboa ngozi ya mtu wakidhani wamepata bata halafu wanafia humohumo wanakuachia vipele. Hawafiki kwenye ini wala kibofu kama wa kwetu, lakini kuwasha wanawasha. Kule Iceland watalii wanaooga maji ya moto Landmannalaugar wamewahi kuwapata vilevile, kisa bata wanazaa hapohapo.

Sasa kwenye kuwatoa. Unataka wale wachanga wenye mkia, serkaria, watoke wenyewe wakiwa wazima. Nyumbani ni rahisi, konokono mmoja kikombe kimoja, weka mwangani asubuhi, ikifika saa tano saa sita wanamwagika. Nikapanga vikombe dirishani. Hamna kitu. Mchana wote hamna, usiku hamna, na usiku wenyewe uko wapi, mwezi wa sita huku jua halizami. Yule mzee wa kuponda akapita, akachungulia, akaguna, akaenda zake. Hiyo guno ndo iliniuma.

Nikakaa nikawaza, hawa konokono wanaona mwanga saa 24 na wametoka kwenye maji ya baridi, dirisha langu linawaambia nini kipya? Basi nikawatengenezea usiku. Vikombe vyote ndani ya friji ya maabara, nikavifunika mfuko mweusi wa taka mara mbili, nikabandika karatasi ya USIFUNGUE kwa lugha tatu, Kiswahili ikiwemo japo msomaji wake nilikuwa mimi peke yangu. Asubuhi nikavitoa, nikaviacha vishike joto la chumba taratibu, nikawasha taa ya mezani niliyonunua mtumba kwa kroni chini ya mia, nyuma ya kikombe nikasimamisha karatasi nyeusi. Chai haijaisha naona maji ya kikombe cha pili yana vumbi jeupe linacheza! Nilipiga kelele mpaka jirani akaja.

Chini ya hadubini ni raha tupu. Kuna mnyoo anaitwa Diplostomum, anatulia kichwa chini, mkia wenye ncha mbili kautanua juu, huyu ndo anaenda kukaa kwenye jicho la samaki mpaka linapata ukungu. Trichobilharzia kang'ang'ania ukuta wa chombo, na ana madoa mawili meusi ya macho ambayo kichocho chetu hakina. Mwingine ana kasindano mdomoni. Maji tumia ya ziwa lenyewe ila uyachuje sana, la sivyo utashangilia vidudu vya maji ambavyo havihusiki.

Na kuponda kuna wakati wake. Ukianza nako unaona vifuko wanamokulia na wachanga wasiokomaa, utambue nini? Konokono waliokaa kimya mpaka mwisho bila kutoa kitu ndo unawapasua, maana wengine maambukizi yao bado machanga.

Usijidanganye kwa umbo tu, Diplostomum wanafanana kufa, bila vinasaba hutoki. Hapo ndo hela ilipokwenda nyingi, bahati idara ililipa. Na lebo ya ndani ya kichupa cha ethanoli ya kuhifadhia minyoo andika kwa penseli jamani, wino wa peni unayeyuka wote unabaki na vichupa visivyo na majina.