Estevan, Wanakouzika Moshi wa Makaa

Regina hadi Estevan, kusini mwa jimbo la Saskatchewan nchini Kanada, ni kama kilomita 200 za tambarare tupu. Ukikaribia mji wa Weyburn, ulio njiani, unaanza kuona pampu za mafuta katikati ya mashamba, zinainama na kuinuka kama kuku wanaodonoa. Zinahusika na habari hii zaidi ya zinavyoonekana.

Kituo cha umeme cha Boundary Dam kiko nje kidogo ya Estevan, kando ya bwawa ambalo haligandi hata katika baridi kali ya huko, kwa sababu maji yanayopoza mitambo hurudishwa humo yakiwa na joto. Kinachochomwa humo ni lignaiti, makaa laini ya kahawia yanayochimbwa jirani. Tangu Oktoba 2014, moshi wa mtambo namba 3 hupitishwa kwanza kwenye mnara wenye kemikali ya amini. Amini hunasa kaboni dayoksaidi, gesi inayoongeza joto duniani, kisha huchemshwa ili iiachie, ikarudi kazini. Kuchemsha huko ndiko kunakouma: mvuke unatoka kwenye mtambo uleule, hivyo sehemu ya umeme huliwa humohumo kabla haijamfikia mteja. Na mradi wenyewe uligharimu kama dola bilioni 1.5 za Kanada!

Nilichokuja kuona hasa ni kisima cha Aquistore, hapo karibu, ambamo gesi iliyonaswa husukumwa ardhini. Cha kupiga picha hakuna: mabomba, vali, uzio. Kazi yote iko chini, kina cha mita 3,400 hivi, kwenye mwamba wa mchanga uliojaa maji ya chumvi. Kwa kina hicho mgandamizo huifanya gesi iwe nzito karibu kama kimiminika, na tabaka za miamba isiyopitisha kitu huifunika kwa juu. Vipokea mitetemo vimefukiwa ardhini kufuatilia inakoenea. Hilo la kuvuja, ambalo kila mtu huliuliza kwanza, halikunisumbua sana.

Kilichonikuna kichwa ni biashara. Sehemu kubwa ya gesi huuzwa na kupelekwa kwa bomba la kilomita 66 hadi Weyburn, inakosukuma mafuta yaliyogoma kutoka ardhini. Nyingi hubaki chini, sawa, lakini mafuta hayo nayo yatachomwa. Aquistore hupokea ile isiyopata mnunuzi.