Sitara na ngazi 23

Jumatano, baada ya isha

Leo nimekwenda kupimwa. Wao huita tathmini ya ulemavu, lakini kwenye foleni hakuna aliyelitumia neno hilo, kila mtu alikuwa akimuuliza mwenzake, "Na wewe wapimwa lini?" kama vile sote tumekwenda kwa fundi cherehani. Naandika nikiwa nimelala ubavu, simu nimeiegemeza kwenye mto, maana kukaa siwezi tena.

Nianze na ngazi, kwa sababu kila safari yangu huanzia hapo. Nyumba yetu iko Mkomani, mtaa wa mji wa kale wa Lamu, nyumba ya mawe ya marehemu babu, nasi twakaa juu. Chini ni fungu la ami. Kutoka mlango wetu hadi chini ni ngazi 23, na nazijua moja moja kwa kuwa nazishuka kwa makalio. Natanguliza mguu wa kulia, ambao bado ni wangu, naketi kwenye ngazi ya chini yake, kisha nauvuta wa kushoto kama avutaye nanga. Ya nane imemeguka chokaa pembeni na huchana nguo. Ya kumi na tano ndipo ngazi hupinda, na hapo ukutani pana alama ya kiganja changu, nyeusi, imejijenga kwa jasho la miaka minne. Mama alitaka kuipaka chokaa kabla ya Maulidi. Nikamwomba aiache. Sijui kwa nini nilimwomba. Nadhani nilitaka pawe na kitu kinachoonyesha kuwa mimi hutoka.

Miaka minne hiyo yahesabiwa tangu bodaboda lilipotuangusha upande wa bara, kati ya Hindi na Mokowe. Uti wa mgongo uliumia chini, lakini haukukatika. Daktari wa wakati ule aliniambia nina bahati, na kweli ninayo, ila bahati yenyewe ndiyo inayonitatiza kwenye makaratasi. Siku njema nasimama kwa magongo, napika wali, nakaa dirishani nashona kofia yangu mpaka alasiri. Siku mbaya mama hunigeuza kitandani kama mgonjwa wa homa kali. Siku hizo mbili huja bila kupiga hodi, na huwezi kuiambia Jumatano iwe njema au mbaya.

Kwa msiojua mambo haya yalivyo, kuna kadi na kuna pesa, na ni vitu viwili mbalimbali. Kadi hutolewa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Maombi siku hizi huanzia eCitizen, lakini mwili hauingii kwenye simu, kwa hiyo ni lazima ukakae mbele ya jopo la hospitali, wakuangalie, watie saini, kisha karatasi ziende zake juu. Pesa ni za Inua Jamii, shilingi 2,000 kwa mwezi, na zile za upande wetu ni za wenye ulemavu mkubwa, yaani mtu anayehitaji kuangaliwa saa 24, kulishwa, kusafishwa, kulindwa asijidhuru. Wengi hudhani ukishapata kadi pesa zitakufuata nyumbani. Hazikufuati. Kuna kuandikishwa kwingine, na hilo hungoja serikali ifungue milango, kisha majina yapite kwa chifu na wazee wa mtaa, ambao wamekuona ukicheza kibe utotoni na wanakumbuka mbio zako.

Kadi ina faida zake. Kuna msamaha wa kodi kwa mwenye mshahara, kwa mfano. Mimi nashona kofia za vito, zile zinazotariziwa kwa mkono. Moja hunichukua miezi miwili au zaidi, na mnunuzi hunililia bei kana kwamba nimemwibia. Huo msamaha wa kodi nitauvaa wapi?

Basi leo asubuhi nimeshuka 23 zangu na chini alikuwa akiningoja hamali na mkokoteni wake, ule ule anaobebea simiti kutoka gatini. Mama alikuwa ametandika mkeka na mto. Kiti cha magurudumu ninacho, cha msaada, kizuri, chekundu. Kimefungwa mnyororo chini ya ngazi kwa sababu hakipiti dakani.

Hili la daka nataka kulieleza vizuri. Wazee waliojenga nyumba hizi walijenga sitara kwanza, ndipo wakajenga vyumba. Ukitoka usitani, yaani njiani, unaingia daka, pale penye mabaraza mawili ya kukalia wanaume, kisha njia yapinda. Haipindi kwa bahati mbaya. Yapinda ili apitaye njiani, hata mlango ukiwa wazi, asione kitu ila ukuta. Wageni hupokewa chini au sabuleni, chumba cha wageni, na kadiri unavyokwenda ndani na juu ndivyo unavyozidi kustirika. Wanawake wa nyumba yetu wamezaa, wamelia na wamecheka nyuma ya kona ile, na hakuna aliyewasikia. Kiti changu kina upana wa sentimita 64. Kikiingia kwenye kona, gurudumu la mbele hugusa ukuta huu na la nyuma likagusa ule, basi, hakiendi mbele wala nyuma. Tulijaribu mara tatu. Mara ya tatu kilinasa nami nikiwa juu yake, mwanangu akaenda kumwita jirani, na mimi nikakaa mle kwenye kona nikitazama ukuta ambao ulijengwa mtu asinione.

Mtu mmoja wa bara aliniuliza mbona hatuibomoi hiyo kona. Mji wetu uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001, na nyumba ya mawe haibomolewi ovyo. Ni lazima upate idhini ya Makumbusho ya Taifa. Lakini niseme kweli: hata ningepewa idhini leo, mimi mwenyewe ndiye ningesimama mbele ya nyundo. Kama ningeweza kusimama.

Safari ya mkokoteni sitaieleza sana. Vichochoro vyetu vyajulikana. Tulikutana na punda watatu wenye mchanga, na mahali pale hawapishani punda na mkokoteni, kwa hiyo ikabidi mmoja arudi nyuma, na punda harudi nyuma. Nimejifunika buibui mpaka machoni. Nimesikia mtu akiuliza, "Nani huyo?" na hamali akajibu, "Mzigo wa watu." Alinistiri, Mungu ampe kheri.

Hospitalini kulikuwa na mzee kutoka upande wa Faza, kisiwa cha Pate, haoni kabisa, ameshikwa mkono na mjukuu. Alikuwa amefika jana kwa sababu leo maji yangekuwa yamepwa asubuhi, na maji yakipwa Mkanda, ile njia ya vyombo baharini, haupitiki vizuri. Amelala kwa watu. Saa nne wakamwambia mtu wa macho hakuja, arudi wiki ijayo. Hakugomba. Aliuliza tu wiki ijayo maji yatajaa saa ngapi, na karani akacheka akidhani ni mzaha. Mzee hakuwa akifanya mzaha. Alikuwa akipiga hesabu ya nauli na ya bamvua.

Zamu yangu ilifika. Watu watatu nyuma ya meza, mmoja daktari kijana, mpole, simlaumu. Leo ilikuwa siku njema. Huo ndio msiba wenyewe. Usiku nililala vizuri, mgongo ulitulia, na aliponiambia, "Mama, jaribu kusimama," nikasimama. Nilisimama kwa magongo, wima, na nusu ya moyo wangu ikafurahi kama mtoto aliyesifiwa madrasa, na nusu nyingine ikasema, umekwisha.

"Unajipikia?"

"Siku nyingine."

"Unaoga mwenyewe?"

Hapo kabla sijajibu, mama, aliyekuwa amekaa mlangoni, akasema kwa sauti ya mtu anayetetea posa: "Mwanangu yuwaweza kila kitu, alhamdulillahi. Hana neno."

Mama yangu ana miaka 71. Yeye ndiye huniogesha. Jana amenibadilisha shuka mara mbili, akazifua kabla ya alfajiri ili majirani wasizione kambani. Lakini kuulizwa mbele za watu kama binti yake anajiosha, kwake ni kama mtu kuufungua mlango, akapita dakani, akapanda ngazi zote 23 na kusimama chumbani akitazama. Akafanya alivyofundishwa. Akafunga mlango.

Ikabidi niufungue mimi. Nikasema, "Si kweli, daktari. Huyu mama ndiye huniogesha. Na siku mbaya hunifanyia yote, hata yale nisiyoweza kuyataja hapa." Nilisema nikitazama meza. Nilimsikia mama akivuta pumzi. Wanaume wawili wa foleni walikuwa mlangoni nyuma yake, na karani aliandika.

Nililotaka waniulize hawakuniuliza. Hakuna aliyesema, "Wakaa wapi? Ghorofa ya ngapi? Choo kiko wapi?" Walinipima magoti, vifundo, nguvu ya mikono. Mikono yangu ina nguvu sana, wakaisifu. Imepata nguvu kwa ngazi! Ningekaa chumba cha chini chenye mlango wa kuingilia na choo karibu, nusu ya ulemavu wangu ungeisha siku hiyo hiyo bila daktari. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inataja makazi yanayofikika pamoja na kuwa ya kutosha, na cha 54 chasema tunastahili kufika kila mahali kwa kiasi cha haki. Nimevisoma vifungu hivyo nikiwa nimekaa kwenye ngazi ya kumi na tano, nikipumzika.

Tumerudi kimya. Mama amenipa uji na hakunitazama.

Ijumaa

Mama amesema jana usiku, gizani, baada ya kudhani nimelala: "Ungenambia kabla." Nikamjibu, "Ningekwambia ungekubali?" Akanyamaza muda mrefu. "Singekwenda," akasema.

Nimewaza hilo siku nzima. Ningeweza kujifanya. Wako wanaojifanya, na mmoja kwenye foleni alinishauri wazi wazi: siku ya kupimwa usinywe dawa, usilale, nenda ukiwa umevunjika. Sikumhukumu. Mtu akiwekewa mlango mfupi, huinama. Lakini miaka minne nimekuwa nikijizoeza kusimama; siwezi kujizoeza kuanguka kwa ajili ya shilingi 2,000. Nasema hivi leo. Mwezi wa karo ya shule nitasema vingine, na nisishikiliwe.

Chumba cha chini kule Gadeni nilikiulizia mwaka jana. Mwenyewe alitaka 5,000 kwa mwezi na chumba kilikuwa na kizingiti cha kufika magotini. Nikamuuliza kama atakubali kukikata. Alinitazama kama nimemwomba akate mnazi.

Jumapili

Ami amekuja. Mama alimwita, mimi sikujua. Hajawahi kumwomba ami kitu tangu mirathi, na mirathi ilikuwa na maneno yake. Walikaa barazani chini nami niko juu, na kwa kuwa nyumba ilijengwa isivujishe sauti sikusikia neno hata moja. Baada ya kahawa mama akapanda, akasema, "Ami yako atatoa ile simiti."

Kile chumba cha kwanza chini, kilicho kando ya daka kabla ya kona, ami amekifanya ghala. Kina mlango wake unaotokea dakani, na kizingiti chake ni cha mbao, si mawe. Kiti kitaingia. Nimempeleka mwanangu na uzi wa kupimia nguo. Mlango una sentimita 70. Nimemrudisha apime tena.

Choo bado ni mtihani, kiko nyuma ya kona, tutatumia ndoo mpaka fundi aje aone. Na mama hakipendi chumba chenyewe. Anasema ukikohoa tu mtu wa njiani akuombea afya. Ni kweli. Ukuta mmoja tu kati yangu na njia.

Hamali amekuja baada ya asri na mwenzake. Mifuko ilikuwa 34. Alipomaliza akafuta vumbi, akaniambia kutoka chini ya ngazi, "Dada, wewe ni mfuko mmoja na robo, nimeshakubeba, najua." Nikacheka mpaka mgongo ukauma. Mama hakucheka. Alikuwa amekaa juu karibu nami, amekunjua kitambaa kizito cha rangi ya kahawia, anakata pazia la mlango, na kila akimaliza upindo mmoja hukiinua kwenye taa kuona kama kinapitisha mwanga.